Aliyelazwa bado ananyonya: barua ya wazi kwa wanaosimamia wodi za watoto

Kwa waganga wakuu wa hospitali, wauguzi wakuu, wasimamizi wa wodi za watoto, na ninyi mnaoandika miongozo inayofuatwa wodini.

YAH: MTOTO MKUBWA ANAYENYONYA ANAPOLAZWA HOSPITALINI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume. Amelazwa mara mbili, mara ya kwanza akiwa na miezi 14, mara ya pili akiwa na miezi 22, hospitali mbili tofauti. Mara zote mbili alikuwa ananyonya. Safari ya kwanza nilitoka nimevunjika moyo, na mpaka leo nikiikumbuka koo linanikaba. Safari ya pili, ambayo ugonjwa ulikuwa mzito kuliko wa kwanza, nilitoka na deni la shukrani nisilojua nitalilipaje. Barua hii ni sehemu ya malipo, na ni ombi pia. Sitataja hospitali wala jina la mtu. Vitanda vilikuwa vilevile, dripu zilezile, harufu ileile ya dawa ya kusafishia sakafu. Kilichobadilika ni watu waliokuwa zamu, na walichokijua kuhusu mtoto anayetembea, anayesema, na bado ananyonya. Nami sitaki mama mwingine aingie wodini akiomba tu amkute nesi mwema.

Nianze na hiyo ya pili, maana ndiyo iliyonifundisha kwamba inawezekana.

Tulifika usiku, mtoto ana nimonia. Nesi alimfunua kifua, akashika saa yake, akahesabu pumzi kwa dakika nzima bila kusema neno. Zilikuwa 68. Baadaye nilielezwa kwamba mtoto wa umri wake akifika pumzi 40 kwa dakika tayari huhesabiwa kuwa anapumua kwa kasi. Kila akivuta pumzi, nyama ya chini ya mbavu ilikuwa inabonyea ndani. Walimwekea oksijeni puani, wakampata mshipa kwenye mkono wa kushoto, wakaufunga mkono ule kwenye kibao kidogo kwa bandeji mpaka ukawa kama rungu. Muda wote huo alikuwa ananitazama mimi, anavuta gauni langu kwa mkono uliobaki, na neno lake ni moja tu: nyonyo, nyonyo.

Daktari aliyekuwa zamu akaniambia hivi, na nimeyashika maneno yake kama yalivyo: "Mama, kwa sasa tusimnyonyeshe. Akipumua kwa kasi hii, maziwa yanaweza kupotea njia yakaingia kwenye mapafu. Tutamhesabu tena kila baada ya saa moja, na pumzi zikishuka tutamrudisha ziwani. Lakini maziwa yako tunayahitaji."

Naomba mtulie kidogo kwenye maneno hayo. Daktari yule alinikatalia. Alinikatalia jambo ambalo mwanangu alikuwa analililia kuliko kitu kingine chochote duniani. Lakini alinipa sababu, akanipa muda, na akaniambia kwamba bado nina kazi ya kufanya pale. Nilikubali bila ubishi. Ningekaa kwenye kiti kile mpaka asubuhi kama angetaka.

Haikupita nusu saa, nesi akaja na pampu ya kukamulia maziwa aliyoiazima wodi ya watoto wachanga. Alinionyesha jinsi ya kuiosha, akanivutia pazia, akaniletea maji ya kunywa bila kuombwa. Nilipata kama robo kikombe. Akabandika kikaratasi chenye jina la mtoto, tarehe na saa, akayapeleka kwenye friji. Karibu na alfajiri pumzi zilipoanza kupungua wakampitishia mpira mwembamba puani hadi tumboni, na yale maziwa yakamiminwa kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, likashikwa juu yashuke yenyewe. Niliyaona yanavyoteremka, uzi mweupe ndani ya mpira, polepole, mpaka yakaingia puani kwa mwanangu yasionekane tena. Nililia. Nesi akaniambia, "Si unaona? Amekula."

Mchana wa siku hiyo pumzi zilishuka hadi 44, na akaruhusiwa kunyonya. Alinyonya kama mtu anayepanda mlima: anavuta mara tatu, nne, anaachia, anahema, anarudi. Ule mkono wa bandeji aliuweka juu ya titi langu kama anavyoweka siku zote, ila safari hii ulikuwa mzito. Nesi alisimama kando anaangalia skrini, oksijeni na mapigo ya moyo, tayari kunisimamisha kama mambo yangebadilika. Hayakubadilika. Mapigo yalikuwa yakishuka taratibu kadiri alivyotulia.

Alipomaliza, yule nesi akachukua karatasi ya kumbukumbu iliyokuwa inaning'inia miguuni pa kitanda. Kulikuwa na safu ya dripu, safu ya vinywaji, safu ya chakula, safu ya mkojo na ya choo. Safu ya kunyonya haikuwepo. Akatoa rula mfukoni, akapiga mstari kwa kalamu ya bluu kutoka juu hadi chini, na juu yake akaandika neno moja: ziwa. Akajaza saa, dakika alizonyonya, na namna alivyonyonya. Waliofuata zamu wakaendelea kujaza. Daktari alipopita asubuhi iliyofuata aliisoma ile safu ya kalamu kama alivyozisoma zile zilizochapishwa, akaona jinsi mtoto alivyokuwa ananyonya usiku, akapunguza dripu.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Wangu aliulizwa kila kitu. Aliletewa uji, supu, maji, juisi, kwa kijiko, kwa kikombe, kwa mrija. Alifumba mdomo na kugeuza uso ukutani. Kwa siku tatu nzima hakuna kilichopita kinywani mwake isipokuwa dawa kwa vita na maziwa yangu kwa hiari. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto wa kati ya miezi 12 na 24 anaweza kupata theluthi moja ya nguvu anayohitaji kwa siku kutoka kwenye maziwa ya mama. Hiyo ni akiwa mzima, anayekula na wenzake. Akiugua na kususa chakula, theluthi hiyo hubaki peke yake, na ndiyo inayombeba. Pamoja na chakula, anapata maji na kinga, kwa sababu zile protini za kupambana na vijidudu haziondoki kwenye maziwa siku mtoto anapotimiza mwaka mmoja. Na anapata kitu kingine ambacho sijui niwaandikieje ninyi wakubwa kwa lugha ya kikazi. Katika chumba ambacho kila mkono unaomgusa unamuumiza, ananyonya na anajua yuko kwake.

Siku ya nne picha ilionyesha usaha umekusanyika nje ya pafu. Ilibidi awekewe mrija wa kuutoa, na kwa mtoto wa umri ule ni lazima apigwe nusu kaputi. Hapo niliogopa kuliko usiku wa kwanza. Daktari wa usingizi alikuja mwenyewe kitandani jioni, akachuchumaa ili macho yake yalingane na ya mtoto, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza kabla ya hapo: "Huwa ananyonya saa ngapi usiku?"

Alinieleza kwamba maziwa ya mama hutoka tumboni haraka kuliko chakula na haraka kuliko maziwa ya kopo. Ndiyo maana kwa miongozo mingi, chakula husimamishwa saa 6 kabla ya usingizi, lakini mtoto anaweza kunyonya hadi zibaki saa 4. Nimesoma baadaye kwamba mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 umepunguza zaidi, umefika saa 3 kwa maziwa ya mama. Sisi tulikuwa tumepangiwa saa mbili asubuhi. Kwa hiyo mwisho wetu ulikuwa saa kumi alfajiri. Aliandika hivyo kwenye faili, na nesi wa usiku aliliheshimu andiko hilo kwa namna ambayo sitaisahau: saa tisa na nusu usiku alinigusa bega, akaninong'oneza, "Mama, amka umnyonyeshe, muda wetu unaisha."

Muda wetu. Alisema wetu.

Wapo watoto wengi wanaosimamishwa kunyonya tangu usiku wa manane kwa sababu tu mtu ameandika "asile kitu tangu saa sita usiku" kwa wagonjwa wote, wazee kwa vichanga, bila kuangalia nani anakula nini na ameandikiwa upasuaji saa ngapi. Mtoto anaamka usiku, analia ziwa, mama anakaza roho mpaka asubuhi, na kumbe alikuwa na haki ya kunyonya kwa saa 4 zaidi. Saa 4 kwenu ni nafasi kwenye ratiba. Kwa mtoto wa miezi 22 mwenye homa ni usiku wote.

Zile saa za kusubiri zilipoanza, ni nesi tena aliyenishauri nimkabidhi mtoto kwa bibi yake. "Akikaa kwako atasikia harufu ya maziwa na atateseka bure," alisema. Nikakaa kwenye benchi la nje huku mama mkwe wangu anatembea naye koridoni, bega hadi bega, na kumwimbia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini siku ile nilimwona mtu asiye mzazi wake anaujua pia. Na alipotolewa chumba cha upasuaji, akazinduka vizuri, akakohoa, akalia, daktari wa usingizi hakusema "tusubiri tuone". Alinisukumia kiti. "Mpe."

Sasa niwaeleze ile safari ya kwanza. Nitakuwa mfupi.

Alikuwa na miezi 14, anaharisha na kutapika. Mhudumu aliyetupokea aliuliza anakula nini, nikajibu ananyonya na anakula. Akasema kwa sauti iliyosikika wodi nzima: "Mtoto mkubwa hivi bado ananyonya? Hayo siyo maziwa tena, ni maji tu. Mwachishe siku nzima, tumbo lipumzike." Nikatii. Nilikuwa na usingizi wa siku mbili machoni, nilikuwa naogopa, na aliyesema alikuwa amevaa sare. Mwanangu alilia mpaka sauti ikakauka. Maji ya chumvichumvi alikuwa anayatema. Ilipofika jioni matiti yangu yalikuwa magumu kama jiwe na yananichoma, usiku nikaanza kutetemeka kwa homa, na siku ya pili titi la kulia lilikuwa na uvimbe mwekundu. Mtoto alizidi kukauka, ikabidi awekewe dripu. Mama mmoja wa makamo, mfanya usafi, ndiye aliyenikuta nalia chooni nikijikamua kwenye sinki. Akaniambia, "Mwanangu, mpe mtoto ziwa, na wewe utapona." Nikampa usiku ule chini ya shuka, kwa kujificha, kama mwizi.

Mfanya usafi ndiye aliyekuwa sahihi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu kuharisha iko wazi na ni ya miaka mingi: mtoto anayeharisha aendelee kunyonya, tena anyonye mara nyingi zaidi, sambamba na dawa ya kuongeza maji na madini ya zinki. Na titi lililovimba halitibiwi kwa kumwondoa mtoto. Maziwa yakikaa bila kutoka hali huwa mbaya zaidi.

Simchukii yule mhudumu. Naamini alisema alichofundishwa, au alichosikia kwa waliomtangulia, na hakuna aliyewahi kumsahihisha. Ndiyo maana barua hii siwaandikii wahudumu. Nawaandikia ninyi mnaoamua wahudumu wafundishwe nini.

Nimejiuliza sana jambo hili limepotelea wapi, maana kunyonyesha ni jambo ambalo mabango yake yapo kila kliniki. Jibu nadhani ni hili. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la hatua 10 za kufanikisha unyonyeshaji, na mwaka 1991 wakaanzisha mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto. Kazi hiyo imeokoa watoto wengi na naiheshimu. Lakini hatua zile ziliandikwa kwa ajili ya huduma za uzazi, na hata zilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018 zilibaki kwa vituo vinavyohudumia uzazi na watoto wachanga. Maana yake ni kwamba mama anafundishwa kunyonyesha kwa uangalifu mkubwa siku ya kwanza, anaambiwa aendelee mpaka miaka 2 na zaidi, anaondoka. Akirudi baada ya miezi 22 na mtoto mgonjwa, anaingizwa wodi nyingine, ghorofa nyingine, kwa watu ambao huenda hawajawahi kukaa kwenye mafunzo hata ya siku moja kuhusu kunyonyesha mtoto mkubwa.

Na kuna hili la pili, ambalo nililigundua nikiwa nimelala kwenye kiti. Wodi ya uzazi mama ni mgonjwa. Ana kitanda, ana faili, ana namba, analetewa chakula, anapimwa. Wodi ya watoto mama si mgonjwa. Aliyelazwa ni mtoto. Mama hana kitanda, hana sahani, hana pa kuoga, na hospitali nyingine usiku anaambiwa muda wa wageni umekwisha. Mgeni! Mimi ndiye chakula chake, na naitwa mgeni.

Wakubwa wenzenu walishaliona hilo zamani. Uingereza, mwaka 1959, kamati iliyoteuliwa na serikali kuchunguza hali ya watoto hospitalini ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao bila kubanwa na saa, wakati ambapo wodi nyingi zilikuwa zinawapa wazazi muda mfupi tu. Mwaka 1988, huko Leiden, Uholanzi, vyama vya Ulaya vinavyotetea watoto waliolazwa vilikubaliana mkataba unaosema mtoto aliye hospitalini ana haki ya kuwa na mzazi wake wakati wote, na kwamba wazazi wapewe mahali pa kulala. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, kwenye ibara ya 24, unataja faida za kunyonyesha miongoni mwa mambo ambayo wazazi na jamii nzima wapewe elimu na wasaidiwe kuyatumia. Hakuna lolote katika hayo linalosema haki hiyo inakoma mtoto akianza kutembea.

Ninachoomba, basi.

Mtoto anapopokelewa aulizwe kama ananyonya, na swali liwe limechapishwa kwenye fomu ili lisitegemee kumbukumbu ya mtu. Liulizwe hivyohivyo: "Ananyonya?" Lile neno "bado" liondoeni. Neno hilo dogo limewaachisha watoto wengi ziwa kuliko mnavyodhani, kwa sababu mama akilisikia hujibu "hapana" na kuanza kujificha. Kitanda cha jirani yangu kulikuwa na mama mwenye mtoto wa miaka 3 mwenye kifafa, ambaye kwa siku mbili alikuwa anamnyonyesha kichwa kikiwa chini ya shuka, wote wawili wanatoka jasho. Siku nesi aliponiuliza mimi kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo amenyonya vizuri?", yule mama akafunua shuka na kuuliza, "Hata wangu huyu, sista, miaka mitatu?" Nesi akamjibu, "Hata wako." Akafunua kabisa, akakaa wima.

Mama anayenyonyesha ahesabiwe wodini. Apate sahani ya chakula na maji, kwa sababu asipokula yeye, mgonjwa wenu naye ananyimwa. Apate mahali pa kulala karibu na mtoto, hata kama ni kiti kinachokunjuka. Kama wodi haina pampu, iwepo moja tu ambayo kila mtu anajua iliko, na friji yenye rafu ya maziwa yaliyoandikwa majina. Usiku ule wa kwanza pampu ilipatikana kwa sababu nesi mmoja alikuwa na rafiki wodi ya watoto wachanga. Rafiki yake angekuwa mapumzikoni je?

Daktari akilazimika kusimamisha kunyonya, aandike sababu na aandike saa ya kuangalia upya. Najua wapo watoto ambao maziwa ya mama hayawafai, wenye galaktosemia kwa mfano, ugonjwa wa kuzaliwa nao ambao mwili hauwezi kuitumia sukari iliyomo kwenye maziwa, na wapo ambao tumbo limetoka kupasuliwa na lazima lingoje. Siombi mama awe juu ya daktari. Naomba "hapana" isiachwe hewani bila mwisho, kwa sababu baada ya siku chache za hapana isiyo na mwisho maziwa hupungua, na siku ruhusa inapokuja, ziwa halina kitu. Na katika muda huo wa kusimamishwa, mama aambiwe ajikamue kila baada ya saa chache, aonyeshwe namna yake, asiachwe kugundua mwenyewe kwenye sinki la choo.

Kwenye sindano nako pana jambo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wanyonyeshwe wakati wa chanjo au muda mfupi kabla yake ili wapunguziwe maumivu. Ushahidi mwingi ni wa watoto wa chini ya mwaka mmoja, lakini wangu alipobadilishiwa mshipa akiwa ziwani alishtuka, akafumbua macho, akaendelea kunyonya. Mara iliyotangulia tulikuwa watu wanne tumemshika. Kama hali ya mtoto inaruhusu na nesi yuko tayari, mama aruhusiwe kumkumbatia badala ya kutolewa nje asimamie mlangoni akisikiliza.

Mafunzo yawafikie wote: mapokezi, dharura, chumba cha upasuaji, mlinzi wa mlangoni anayeamua nani aingie usiku. Na yule mfanya usafi, msimwache. Wakati mwingine yeye ndiye mtu pekee anayemkuta mama peke yake.

Niseme pia kwa mama ambaye hanyonyeshi, ambaye maziwa yalikoma au hakuweza tangu mwanzo: barua hii haikuachi nje. Kiti cha kulala ni chako pia, na sahani, na haki ya kumshika mwanao akichomwa sindano. Ninaandika kuhusu ziwa kwa sababu ndilo lililokuwa langu.

Mwanangu alitoka hospitali siku ya 11, amekonda, anatembea kwa kuyumba, anataka kubonyeza vitufe vyote vya lifti. Wale wauguzi walikuja kumuaga mmoja mmoja. Nilijaribu kuwashukuru na maneno yakaniishia njiani, na mmoja wao akasema, "Tumefanya kazi yetu tu." Nimelifikiria sana jibu hilo. Kuazima pampu wodi nyingine hakumo kwenye orodha ya kazi yake. Kuniamsha saa tisa na nusu usiku hakumo. Alikuwa ananipa vitu kutoka mfukoni mwake na kuviita kazi. Waheshimiwa, vifanyeni viwe kazi kweli, viandikwe, vipewe muda na bajeti, ili nesi mwema asichoke peke yake, na ili yule ambaye hakufundishwa afundishwe.

Ile karatasi ya kumbukumbu sikuondoka nayo, ni mali ya hospitali. Imo kwenye faili la mwanangu, na ule mstari wa bluu umo ndani yake, na neno ziwa juu yake kwa mwandiko wa haraka. Karatasi za wodi zenu zitakapokwenda kuchapishwa tena, naomba zirudi na safu hiyo ikiwa tayari imepigwa.

Wenu katika kulea,

Mama wa mtoto wa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha